Zana zipi hasa anazihitaji mtengeneza tovuti anayeanza kazi Arusha?

Swali: Shikamoo kaka. Mimi ni kijana wa Sakina, hapa Arusha. Nimejifunza HTML, CSS na JavaScript kwa video, na sasa nimepata kazi yangu ya kwanza ya kulipwa: tovuti ya loji ndogo iliyopo njia ya Karatu. Shida yangu ni zana. Kila video inataja nyingine mpya. Nimesakinisha viendelezi vingi mno kwenye kihariri changu cha msimbo, VS Code, nimeanza React (maktaba ya JavaScript), nimegusa Tailwind (mitindo ya CSS iliyo tayari), na laptopu yangu ya RAM GB 4 inakwama. Bando nalo halifiki wiki. Ni zana zipi ninazozihitaji kweli, na zipi niachane nazo? Na je, ninunue mashine nyingine?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kazi hiyo. Nitalijibu swali lako nikianzia kwa watu watakaoifungua tovuti, maana wao ndio wanaoamua zana ipi ina kazi na ipi inakujazia mashine bure.

Loji ya njia ya Karatu ina wasomaji wa aina tatu. Yupo mgeni aliyeko Ujerumani au Marekani anayepanga safari ya Julai, amekaa nyumbani kwake na intaneti ya kasi. Yupo mgeni huyohuyo miezi kadhaa baadaye: ameshashuka uwanja wa ndege wa KIA, yuko ndani ya gari kati ya Makuyuni na Mto wa Mbu, mtandao unakuja na kupotea, na anachotafuta ni namba ya mapokezi tu. Halafu yupo dereva au wakala wa hapa mjini anayefungua ukurasa kwa simu ya bei nafuu na bando la siku. Ukiwahudumia vizuri hawa wawili wa mwisho, yule wa kwanza hatakosa kitu. Ukimpendeza wa kwanza peke yake, wenzake watatazama ukurasa mweupe mpaka wachoke.

Kazi yetu huishia kwenye skrini ya mtu mwingine. Kwa hiyo zana ya kwanza kwa umuhimu ni ile inayokuonyesha skrini hiyo ilivyo, na tayari unayo: ni kivinjari chenyewe. Bonyeza F12 kwenye Chrome na zana zote zinafunguka. Wanaoanza wengi huishia kichupo cha Console, wanasoma makosa ya JavaScript na kufunga. Mimi ningependa ukae zaidi kwenye kichupo cha Network.

Fanya hivi leo. Fungua ukurasa wa mwanzo wa loji, nenda Network, weka tiki kwenye Disable cache ili kivinjari kisitumie mafaili ya jana na kukuonyesha wepesi usiokuwepo. Pembeni yake kuna menyu iliyoandikwa No throttling. Ifungue, chagua 3G, kivinjari kiigize mtandao wa polepole. Sasa pakia ukurasa upya, usiguse kitu, utazame. Chini kabisa ya dirisha kuna mstari unaotaja idadi ya maombi, ukubwa wa data iliyosafiri na muda uliotumika. Halafu bofya neno Size juu ya safu yake, mara moja au mbili, ili mafaili makubwa yapande juu. Karibu kila mara utakayemkuta kileleni ni picha: twiga, au kitanda chenye neti nyeupe, iliyopigwa kwa simu na kupandishwa kama ilivyotoka.

Piga hesabu uone. Picha ya simu ya megapikseli 12 ina upana wa pikseli 4000 na kimo cha 3000. Tuseme ina uzito wa MB 4. Hizo ni megabiti 32, kwa kuwa baiti moja ina biti 8. Mtandao ukitoa megabiti 2 kwa sekunde, picha hiyo moja inakula sekunde 16, na bado hatujahesabu fonti, CSS wala JavaScript. Simu nyingi za bei nafuu zina skrini yenye pikseli 720 kwa upana, kwa hiyo sehemu kubwa ya data ambayo dereva ameilipia haionekani popote. Inatupwa.

Dawa yake ni Squoosh. Ni ya bure, imetengenezwa na watu wa Chrome pale Google, na inafanya kazi ndani ya kivinjari chako, picha haipandi kwenye seva ya mtu. Ukishaifungua mara moja, inaendelea kufanya kazi hata bando likiisha. Buruta picha uiweke humo. Kushoto ni ya asili, kulia ni matokeo, na katikati kuna mstari unaoweza kuusogeza kulinganisha. Washa Resize, andika upana wa 1200, chagua muundo wa picha wa WebP, weka ubora 75. Mara nyingi utatoka na faili la chini ya KB 200 kutoka lile la MB 4. Kabla ya kulipakua, vuta karibu utazame anga. Watu huangalia macho ya mnyama, lakini uharibifu huanza angani: rangi ya samawati inayofifia taratibu inageuka mabaka. Ukiyaona, pandisha ubora mpaka 80 au 82, basi.

Ukiwa na picha nyingi, Squoosh itakuchosha kwa sababu inashughulikia moja moja. Hapo tumia cwebp, programu ndogo ya bure inayoendeshwa kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri:

`cwebp -q 75 -resize 1200 0 twiga.jpg -o twiga.webp`

Hiyo sifuri inaiambia ikokotoe kimo yenyewe ili picha isivutike. WebP ilitoka mwaka 2010, na tangu Safari ilipoikubali mwaka 2020 hakuna kivinjari kikubwa cha sasa kinachoikataa. Kuna AVIF pia, ambayo hutoa mafaili madogo zaidi, ila kuitengeneza kunachukua muda mrefu na mashine yako itaumia. Ikae kwanza.

Picha ikishapungua, iweke kwenye ukurasa ikiwa na vipimo vyake:

`<img src="twiga.webp" width="1200" height="900" loading="lazy" alt="Twiga wawili mbele ya loji jioni">`

Upana na kimo vikiwepo, kivinjari kinatenga nafasi mapema na maandishi hayarukiruki picha inapoingia. Hilo `loading="lazy"` linaahirisha picha za chini mpaka msomaji azikaribie. Usiliweke kwenye picha kubwa ya juu kabisa, maana utakuwa unaichelewesha ile ile anayoisubiri.

Ndani ya zana hizohizo za F12 kuna Lighthouse, kipimaji cha ukurasa. Ifungulie kwenye dirisha la faragha, kwa kuwa viendelezi vya Chrome huchafua vipimo, kisha uiache ichunguze ukurasa kwa hali ya simu. Itakupa alama kwa mia. Usizikimbilie alama, soma namba zilizo chini yake. LCP ni muda mpaka kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini kionekane, na kipimo kinachotakiwa ni sekunde 2.5 au chini. CLS ni kiasi cha kurukaruka kwa ukurasa, kisizidi 0.1. Ya tatu ni INP, yaani ukurasa unaitikia baada ya muda gani mtu anapobofya, na inatakiwa isizidi milisekunde 200. Hiyo ilichukua nafasi ya kipimo cha zamani, FID, mwezi Machi 2024, kwa hiyo video inayokufundisha FID imepitwa. Lighthouse haiwezi kupima INP wakati ukurasa unapakia, kwa sababu hakuna mtu anayebofya; yenyewe inakupa TBT, muda ambao kichakataji kimeshikwa na JavaScript, kama dalili.

Baada ya hapo, toka kwenye skrini ya kompyuta. Kile kitufe cha kuigiza simu ndani ya Chrome, Ctrl+Shift+M, kazi yake kubwa ni kupunguza upana. Kichakataji bado ni cha laptopu, na kidole hakipo. Chukua simu halisi, na kama unaweza iwe ya mtu mwingine, ya bei ndogo kuliko yako. Ukiwa na kiendelezi cha Live Server kwenye VS Code, ukurasa wako unafunguka kwa anwani inayoanza na 127.0.0.1:5500. Anwani hiyo maana yake ni mashine yenyewe, kwa hiyo ukiiandika kwenye simu, simu inajitafuta yenyewe na hupati kitu. Fungua terminali, andika `ipconfig`, utafute mstari wa IPv4. Tuseme umekuta 192.168.43.57. Kwenye simu andika `192.168.43.57:5500`, na ukurasa unatokea. Windows ikikuuliza kama iruhusu muunganisho, ikubalie kwa mtandao wa binafsi. Simu na kompyuta vinatakiwa viwe kwenye Wi-Fi moja, na kama huna Wi-Fi, intaneti ya simu unayoigawia kompyuta inatosha. Mafaili yako yakipita kati ya vifaa hivyo viwili hayaendi nje, hivyo hayali bando.

Ukitaka kuona makosa yanayotokea kwenye simu hiyo, ichomeke kwa waya wa USB. Kwenye mipangilio ya simu, nenda kwenye taarifa za simu, gusa Build number mara saba, chaguo za watengenezaji zitafunguka. Washa USB debugging. Rudi kwenye kompyuta, andika `chrome://inspect`, na zana zote za F12 zinaiangalia simu. Zana hii wengi hawaijui, na kwangu ina thamani kuliko kiendelezi chochote ulichosakinisha.

Jaribu na kivinjari cha Opera Mini pia, hasa ikiwa kwenye hali yake ya kubana data sana. Humo ukurasa huandaliwa kwenye seva za Opera kisha simu inaletewa matokeo, na JavaScript inafanya kazi kwa mipaka. Menyu inayotegemea JavaScript inaweza isifunguke kabisa. Ndiyo maana ninakusisitizia: namba ya mapokezi, kiungo cha WhatsApp na maelekezo ya njia viwe HTML tupu, vionekane hata kama hati zote za JavaScript zimeshindwa kupakiwa. Yule mgeni aliyekwama Makuyuni hana haja na kitu kingine.

Sasa kihariri chako. VS Code ni nzuri, ni ya bure, na sioni sababu ya kuihama, ila imejengwa juu ya kiini cha kivinjari na hula kumbukumbu. Kila kiendelezi kinaongeza. Bonyeza Ctrl+Shift+P, andika Show Running Extensions. Itakuorodheshea vinavyoendesha kazi na muda ambao kila kimoja kinachukua kuamka. Vingi utavikuta vinafanya kazi ambayo VS Code inaifanya yenyewe siku hizi. Rangi za mabano zimo ndani tangu 2021. Kubadilisha lebo ya kufungua na kufunga kwa pamoja kumo, washa `editor.linkedEditing`. Emmet imo: andika `ul>li*5>a`, bonyeza Tab, orodha nzima inajiandika. Baki na Prettier ya kupanga msimbo, Live Server, na ESLint ya kukamata makosa, JavaScript yako itakapokuwa kubwa. Vingine viondoe, usivizime tu.

Kwa bando, msaada mkubwa ni kuwa na nyaraka ndani ya kompyuta. Rejea ya kuaminika kuliko zote kwa kazi hii ni MDN ya Mozilla, na maudhui yake unayapata kupitia tovuti ya DevDocs. Ingia DevDocs siku una intaneti nzuri, nenda sehemu ya Offline, pakua HTML, CSS na JavaScript. Tangu hapo unatafuta kitu hata umeme umekatika na mnara wa simu umelala, ilimradi betri ipo. Zeal inafanya kazi hiyohiyo kama programu ya kawaida kwenye Windows na Linux. Nyaraka hizi ziko kwa Kiingereza, kwa hiyo ninakushauri uwe na daftari lako la Kiswahili: kila ukielewa jambo, liandike kwa maneno yako na mfano mmoja. Utalifungua zaidi ya unavyodhani.

Video hula data kuliko kitu chochote unachokifanya, na nyingi zinasema kwa dakika ishirini kinachosomwa kwa dakika mbili. Kama unataka mwongozo wenye mpangilio, freeCodeCamp na The Odin Project ni za bure na zina maandishi na mazoezi. Flexbox Froggy na Grid Garden ni michezo midogo ya kujifunzia mpangilio wa CSS. Maliza yote miwili, kwa sababu ninavyokusoma ulirukia Tailwind kabla flexbox haijakukaa. Kabla ya kutumia kipengele kipya cha CSS, kitafute kwenye Can I Use, uone vivinjari gani vinakikubali.

Tukija kwenye React: kwa tovuti ya loji yenye kurasa chache, picha, bei na fomu moja, huihitaji. Ninasema hivi nikiiheshimu. React ilitoka Facebook mwaka 2013 kwa ajili ya kurasa ambazo mambo mengi hubadilika kila sekunde mbele ya mtumiaji. Loji haina hayo. Ukiitumia, simu ya dereva italazimika kupakua na kusoma JavaScript nyingi ili ionyeshe aya ambayo HTML ingeionyesha papo hapo. Jifunze React baadaye, na ukianza, anza na Vite, zana ya kuanzishia mradi. Create React App, ambayo video nyingi za zamani bado zinaifundisha, ilitangazwa kustaafishwa Februari 2025.

Na siku utakapofika huko, sakinisha mapema pnpm, zana ya kupakua vifurushi vya msimbo. Ukitumia npm ya kawaida, kila mradi unabeba folda yake ya `node_modules`, na mafaili yaleyale yanajaa diski mara nyingi. pnpm inahifadhi kila toleo la kifurushi mara moja kwenye kompyuta, miradi mingine inaliunganisha palepale bila kulinakili tena. Kwa mtu mwenye diski ndogo, hiyo ni nafasi inayoonekana.

Tailwind au Bootstrap? Kwa kazi hii, wala moja. Andika CSS yako, haitazidi mistari mia chache, na utaielewa yote mteja akikupigia simu usiku kuuliza kwa nini kitufe kimehama.

Yapo mambo ya Kiswahili ambayo video za nje hazitakufundisha, na loji yako itayahitaji kwa kuwa wakala wa hapa atasoma ukurasa wa Kiswahili. Weka `<html lang="sw">` kwenye kurasa za Kiswahili na `lang="en"` kwenye zile za Kiingereza; visoma-skrini, yaani programu zinazowasomea wasioona, huitegemea. Kwa bei, usiandike mikato kwa mkono. JavaScript ina kifaa chake ndani:

`new Intl.NumberFormat('sw-TZ', {style: 'currency', currency: 'TZS', maximumFractionDigits: 0}).format(450000)`

Itapanga shilingi ipasavyo, na hilo `maximumFractionDigits: 0` linaondoa senti ambazo hakuna anayezitumia.

Saa ndiyo inayoleta matatizo halisi. Kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia macheo, na hakuna mpangilio wa kivinjari utakaokubadilishia hilo. Mgeni akichagua 08:00 kwa ajili ya kuchukuliwa, na ukurasa wa Kiswahili ukamwonyesha dereva "saa 8", dereva atafika saa nane mchana na mgeni atakuwa amekaa barazani na mabegi tangu saa mbili asubuhi. Hifadhi muda kwa mfumo wa saa 24, kisha kwenye ukurasa wa Kiswahili andika kabisa "saa 2 asubuhi", na pembeni uache 08:00 ionekane kwa herufi ndogo. Ni mistari michache ya JavaScript, na meneja wa loji ataithamini kuliko mapambo yote.

Kwa fonti tuna bahati. Kiswahili kinatumia herufi za kawaida za Kilatini bila alama juu wala chini, na ile ng' inahitaji kiapostrofi tu. Kwa hiyo chukua sehemu ya Kilatini peke yake ya fonti unayoitaka, kwa muundo wa WOFF2, uzito wa aina mbili, uiweke kwenye seva yako na kuandika `font-display: swap` ili maandishi yaonekane kabla fonti haijafika. Ikoni nazo zichukue moja moja kama SVG kutoka Lucide au Heroicons. Usipakie fonti nzima ya ikoni kwa ajili ya simu, bahasha na ramani.

Rangi: loji nyingi hupenda maandishi ya kahawia juu ya rangi ya krimu. Yanapendeza ofisini, yanapotea juani. Kwenye zana za F12 bofya kisanduku cha rangi ya maandishi, utaona uwiano wa rangi hizo mbili. Kiwango cha WCAG, mwongozo wa kurasa zinazosomeka na watu wote, kwa maandishi ya kawaida ni 4.5 kwa 1. Ukishuka hapo, kahawia iongezewe giza. Na kwenye fomu, sehemu ya simu iwe `type="tel"`, na usilazimishe tarakimu kumi kama zetu, kwa maana wageni wana namba za nchi zao.

Git, inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, ijifunze sasa, amri tano zinatosha kuanzia, na usukume kazi yako kila jioni kwenye GitHub, ghala la msimbo mtandaoni; laptopu huibiwa, na diski hufa. Kama bado uko chuoni, iwe Chuo cha Ufundi Arusha, Uhasibu Njiro au kule Moshi Ushirika, omba kifurushi cha wanafunzi cha GitHub kwa uthibitisho wako wa uanafunzi. Kina zana za kulipia zinazotolewa bure.

Uangalifu unahitajika kwenye mahali pa kuweka tovuti. GitHub Pages ni ya bure lakini haikukusudiwa kuendeshea biashara, na mpango wa bure wa Vercel unaruhusu matumizi binafsi yasiyo ya kibiashara pekee. Kwa loji, tazama Cloudflare Pages au Netlify. Mafaili huhudumiwa kutoka seva zilizotapakaa duniani, mgeni wa Ujerumani anapata ya karibu yake. Fomu ya kuhifadhi chumba itahitaji huduma ya kuipokea, Netlify inayo. Domeni, iwe ya .co.tz au .com, isajiliwe kwa jina la loji na barua pepe ya mwenye loji, si yako. Nimeona zaidi ya mara moja biashara hapa mjini ikipoteza jina lake kwa sababu fundi wa kwanza alilisajili kwa jina lake, wakakosana, au akahama tu na namba ikafungwa. Mwonyeshe mteja jinsi ya kuingia, mkabidhi nywila kwa maandishi, na tarehe ya kulipia upya muiandike wote wawili. Katika bei yako weka malipo ya domeni kama mstari wa peke yake, aone kwamba si pesa yako.

Akili bandia itumie kama mtu wa kuuliza. Bandika msimbo usiouelewa, iombe ikueleze mstari kwa mstari. Usiweke kwenye tovuti ya mteja kitu ambacho huwezi kukisoma mwenyewe, kwa sababu kikiharibika msimu wa wageni wengi, Juni hadi Oktoba, utakayepigiwa ni wewe.

Mwisho, mashine. Usinunue bado. Ondoa viendelezi, funga vichupo vya Chrome, ahirisha React, na GB 4 zitabeba kazi hii yote niliyoieleza. Ukipata fedha ya kwanza kutoka kwa loji, anza na diski: kama mashine ina diski ya kuzunguka, badilisha iwe SSD, mabadiliko utayaona siku hiyohiyo. Kinachofuata ni RAM ya GB 4 au 8 za ziada. Kabla ya kulipia, mwambie fundi aifungue mbele yako uone kama kuna nafasi ya kuchomeka, kwani laptopu nyingi nyembamba RAM yake imechomelewa kwenye ubao na haiongezeki. Ukikuta imechomelewa, hiyo pesa ya RAM iweke pembeni, tumia SSD uliyoweka, na ujaribu Linux Mint toleo la Xfce, ambalo ni jepesi. VS Code, Chrome, Git na cwebp zote zinafanya kazi humo.